Maswali na Majibu ya Wasomaji: Treni ya Mfano Inapokataa Kwenda

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Unguja na Pemba zinahusu seti za kwanza za treni za mfano, zile zinazouzwa ndani ya boksi zikiwa na duara la reli, kichwa kimoja cha treni, mabehewa mawili au matatu na kidhibiti mwendo. Seti hizo mara nyingi huletwa na jamaa walioko ng'ambo, na zinapoharibika hapa visiwani mwenye nayo hubaki hana wa kumuuliza. Nimechagua barua sita. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine, nami naomba lisomwe hata na wale ambao swali lao liko chini zaidi, kwa kuwa matatizo mengi ya seti hizi huanzia kwenye njia ambayo umeme unapita kutoka kwenye kidhibiti hadi kwenye mota, na aliyeielewa njia hiyo ataokoa fedha nyingi kabla ya kufikiria kununua kitu kipya.

Swali: Ndugu Mhariri, assalamu alaykum. Mwanangu wa kiume aliletewa na mjomba wake seti ya treni ya umeme kutoka Uingereza. Mwanzo ilikwenda vizuri sana. Tangu masika yaanze inakwenda kwa kusitasita, inasimama ikifika upande wa pili wa duara, na tukiisukuma kidogo kwa kidole inaondoka tena. Nimeambiwa kuwa mota imekufa na ninunue kichwa kingine. Je, ni kweli? — *Bi. S., Mkunazini*

Jibu: Wa alaykumu s-salaam, Bi. S. Tafadhali usinunue kichwa kingine kabla ya kukifanyia hiki jaribio la dakika moja. Chukua betri ya mraba ya volti 9, kigeuze kichwa cha treni magurudumu juu, kisha kwa vipande viwili vya waya gusisha ncha moja ya betri kwenye gurudumu la kulia na nyingine kwenye gurudumu la kushoto, ukichagua magurudumu ya chuma yanayopokea umeme. Yakizunguka kwa wepesi na bila kukwama, basi mota ni nzima. Maelezo yako yenyewe yanaelekea huko, kwa sababu mota iliyokufa haiondoki kwa kusukumwa na kidole, wala haichagui upande mmoja wa duara kuwa ndio wa kusimamia.

Treni ya aina hii hutumia umeme wa mkondo mnyoofu, kama ule wa betri, unaopita kwenye reli mbili: reli moja ni chanya na nyingine ni hasi. Kidhibiti hupandisha volti kutoka 0 hadi kiasi cha 12 ili kuongeza mwendo, na hubadilishana chanya na hasi ili treni irudi nyuma. Kabla ya kuifikia mota, umeme huo unavuka waya, kisha kila kibati kinachounga reli na reli, kisha uso wa reli, kisha uso wa gurudumu, kisha vijibati vyembamba vinavyogusa gurudumu kwa ndani. Kila mvuko ni mahali ambapo uchafu au kutu vinaweza kuuzuia. Hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na wakati wa masika unyevu huzidi; kwa hiyo seti ambayo ingekaa miaka katika chumba kikavu cha ng'ambo huweza kuanza kusumbua hapa baada ya muda mfupi.

Anza kwa kujua reli zako ni za madini gani. Weka sumaku ndogo juu ya reli. Ikinata, reli ni ya chuma, nayo ni ile inayotiwa katika seti nyingi za bei nafuu na inayoshika kutu haraka. Isiponata, huenda ni shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Hii haishiki kutu, na utando unaojitokeza juu yake husafishika kwa urahisi. Kwa mtu anayeishi karibu na bahari, kama tuishivyo sote, badiliko la kwanza linalostahili fedha ni kuziacha reli za chuma na kununua za shaba nyeupe, kabla ya kuongeza behewa hata moja. Najua ushauri huu haumfurahishi mtoto anayetamani kichwa cha pili, lakini vichwa viwili juu ya reli zenye kutu ni matatizo mawili.

Kwa sasa zisafishe ulizonazo. Dawa inayofaa ni alkoholi ya isopropili, ambayo mafundi wa simu wa Darajani huitumia kusafishia saketi, hivyo kuipata si kazi. Lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi, usugue uso wa juu wa reli na ukingo wake wa ndani mpaka kitambaa kisitoke tena na weusi. Usitumie spiriti ya kuoshea vidonda bila kusoma chupa, kwa sababu nyingine hutiwa mafuta ya mbarika, na mafuta hayo hubaki juu ya reli. Mafuta ya taa nayo huacha utando. Msasa na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria visiguse reli kabisa: msasa huchora mikwaruzo ambayo uchafu hujificha ndani yake, na vipande vya nyuzi za chuma huvutwa na sumaku ya mota vikaingia ndani na kusababisha shoti. Ikiwa kutu imekwisha kuila reli hadi kuacha vishimo, kipande hicho kitoe.

Magurudumu yasafishwe kwa dawa hiyo hiyo. Tandika karatasi laini iliyoloweshwa juu ya reli, weka nusu ya kichwa cha treni juu ya karatasi na nusu juu ya reli tupu, fungua umeme na ukishike kichwa kisiende. Magurudumu yatajisafisha yenyewe, kisha ugeuze upande. Vile vile angalia ekseli. Watoto wengi huchezea treni juu ya zulia au mkeka, na nywele na nyuzi hujizungusha kwenye ekseli mpaka gia zikawa nzito. Zitoe kwa kibano chembamba. Baada ya hapo tia tone dogo la mafuta mepesi yasiyodhuru plastiki kwenye ncha za ekseli, likichukuliwa kwa ncha ya sindano, si zaidi. Mafuta ya kula na mafuta ya nazi huganda yakawa gundi. Hakikisha pia mafuta hayafiki kwenye kaboni za mota wala kwenye mpira uliovishwa baadhi ya magurudumu ili yasiteleze.

Sasa tuingie kwenye lile la kusimama upande wa pili wa duara. Waya kutoka kwenye kidhibiti umeungwa mahali pamoja tu, na umeme unaofika upande wa mbali umevuka vibati vingi vya kuungia reli. Kila kibati kilicholegea au kuingia kutu kinaupunguza. Watu wengi huweka mita pale na kuona volti 12 kamili, wakasema reli ni nzima, nao hukosea, kwa kuwa volti hazipungui kwenye kiungo kibovu mpaka mkondo upite. Lazima upime huku kitu kikitumia umeme. Chukua globu ya pikipiki ya volti 12 na wati 5, ambayo huvuta takriban ampea 0.4, yaani kiasi kinachokaribiana na cha kichwa kimoja cha treni. Iunge kwenye reli karibu na waya wa kidhibiti, utazame mwangaza wake, kisha ihamishe kipande kwa kipande kuelekea upande wa mbali. Mahali inapofifia ghafla, kiungo ulichokivuka punde ndicho kibovu. Hata mtu asiye na mita anaweza kuifanya kazi hii.

Kibati kilicholegea kibanwe taratibu kwa koleo nyembamba, na kilichoshika kutu kitupwe. Tiba ya kudumu ni kupeleka umeme mahali pengi. Pitisha nyaya mbili nene chini ya ubao, na zile za nyumbani za milimita 1.5 za mraba zinatosha kwa wingi. Kutoka kwenye nyaya hizo toa vipande vyembamba vinavyolehemiwa kwenye reli kila baada ya kiasi cha mita 1, waya mmoja ukibaki siku zote kwenye reli ya ndani na mwingine kwenye reli ya nje. Ukizipishanisha mahali pamoja tu utapata shoti. Fundi wa redio atakulehemia akiona mchoro wako, na chuma cha kulehemia kisikae sana juu ya reli, kwa sababu mataruma ni ya plastiki na huyeyuka.

Treni isipotumika, iwekwe ndani ya chombo chenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vidogo vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na simu.

Swali: Kaka yangu anayeishi Marekani alinitumia seti nzuri sana. Nilitafuta kichwa cha plagi kinachobadilisha miguu, nikaichomeka, nikasikia mlio, nikaona moshi kidogo, na sasa haiwaki. Je, nimeharibu kila kitu? — *Msomaji, Wete*

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kuna tumaini kubwa kwamba kilichoungua ni transfoma peke yake. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Kile kichwa cha plagi hubadilisha umbo la miguu tu, hakigusi volti, hivyo transfoma ililetewa karibu mara mbili ya ilivyoundwa kubeba. Fanya jaribio la betri ya volti 9 nililomweleza Bi. S. hapo juu. Kichwa kikizunguka, reli na mabehewa havina tatizo, na unachohitaji ni chanzo kipya cha umeme.

Usilifungue boksi lililoungua ili kulitengeneza, kwa sababu upande wake mmoja hubeba umeme wa kuua. Unaweza kununua kidhibiti kilichotengenezwa kwa volti 230, na hilo ndilo jambo salama kuliko yote. Njia ya bei nafuu zaidi ni kununua adapta ya volti 12 ya mkondo mnyoofu yenye uwezo wa ampea 1 hadi 1.5, ukaiunganisha na kidude kidogo cha kudhibiti mwendo wa mota na swichi ya miguu sita ya kugeuza mwelekeo; fundi wa vifaa vya umeme anaweza kukuunganishia vyote hivyo katika boksi moja la plastiki. Kidude hicho huukata umeme mara nyingi kwa sekunde badala ya kushusha volti, nacho kinazifaa mota za kawaida zenye kiini cha chuma. Zile mota ndogo zisizo na kiini cha chuma zinaweza kupata joto zikitumiwa kidude cha mizunguko ya chini, kwa hiyo soma kijitabu cha seti kwanza.

Kwa wasomaji wengine wote: kabla ya kuchomeka kifaa chochote kutoka nje, tazama kibandiko kilicho chini yake. Ikiwa umeme unaoingia umeandikwa 100–240, kinafaa hapa bila ya kitu kingine. Ikiwa umeandikwa 120 peke yake, kisichomekwe bila ya transfoma ya kushushia volti yenye wati za kutosha.

Swali: Mabehewa yangu yanaacha reli mara kwa mara. Nimebadilisha reli, nimebadilisha mabehewa, na bado. Nifanye nini? — *Kijana wa Chake Chake*

Jibu: Mwanangu, acha kubadilisha vitu kwanza, utazame. Chukua kalamu ya chaki na kila behewa linapoanguka tia alama mahali pale, na uandike ni behewa lipi. Mabehewa mbalimbali yakianguka mahali pamoja, kosa liko kwenye reli. Behewa moja likianguka mahali pengi, kosa ni lake. Bila ya kujua hilo utanunua usichokihitaji, kama ulivyokwisha kufanya.

Mahali pabaya kwenye reli hujulikana kwa ukucha: upitishe polepole kwenye ukingo wa ndani wa kila kiungo, na ukikwaruzwa hata kidogo basi gurudumu nalo linakwaruzwa. Mara nyingi reli imepanda juu ya kibati badala ya kuingia ndani yake. Tazama pia ulalo wa ubao, kwani plaiwudi isiyopakwa vanishi hunywa unyevu wa masika na kujikunja, na reli hujikunja nayo. Halafu kuna lile kosa la kona mbili zinazofuatana, moja ikielekea kushoto na ya pili kulia bila ya kipande kilichonyooka katikati. Weka kati yao reli iliyonyooka yenye urefu usiopungua wa behewa lako refu kuliko yote. Nusu kipenyo cha kona katika seti nyingi za Marekani za kipimo cha 1:87, yaani zilizopunguzwa mara 87 kuliko treni ya kweli, ni milimita 457, na kona ya pili kwa kubana katika mpangilio wa Uingereza ni milimita 438; mabehewa marefu ya abiria hayapendi kona zilizobana kuliko hizo.

Kwenye behewa lenyewe, pima nafasi iliyo kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa reli ya upana wa milimita 16.5, nafasi hiyo iwe karibu na milimita 14.4, magurudumu yakikaribiana mno au yakiachana mno hupanda reli penye njia panda. Uzito nao ni jambo ambalo watu hulisahau. Chama cha kitaifa cha waundaji wa treni za mfano cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi NMRA, kinapendekeza kwa kipimo cha 1:87 gramu 28 kama msingi, na kuongeza gramu 14 kwa kila inchi ya urefu, hivyo behewa la sentimita 15 linapaswa kuwa na kiasi cha gramu 113. Mabehewa ya seti za kwanza huwa mepesi kuliko hapo. Pemba hukosi chubwi za wavuvi: gundisha chache ndani ya behewa, chini kabisa na katikati, zisikae upande mmoja. Kwa kuwa chubwi ni risasi, nawa mikono vizuri baada ya kuzishika na usimwachie mdogo wako azichezee; washa za chuma ni salama zaidi, ila huchukua nafasi kubwa.

Swali: Nilinunua kipande cha njia panda na reli za kona ili treni ikifika mwisho izunguke na kurudi ilikotoka. Nilipounga kipande cha mwisho, taa ya kidhibiti ilizimika na treni ikasimama. Nikikitoa, kila kitu kinafanya kazi. Kipande hicho kibovu? — *Bwana M., Michenzani*

Jibu: Kipande chako ni kizima, Bwana M., na kidhibiti kimefanya kazi yake ya kujikinga na shoti. Fuata kwa kidole reli ya kulia kutoka kwenye njia iliyonyooka, uzunguke nayo kitanzi chote hadi unaporudi. Utaona kwamba inakutana na reli ya kushoto. Chanya imegusana na hasi. Kila mpangilio unaomrudisha dereva alikotoka akiwa ameelekea upande wa pili una tatizo hili katika mfumo wa reli mbili, na hakuna usafishaji wala ununuzi wa kipande kingine utakaoliondoa. Mfumo wa Märklin, kampuni ya treni za mfano ya Ujerumani, ambao umeme wake huingia kwa vijinundu vya katikati ya mataruma, umesalimika kwa sababu reli zake zote mbili za pembeni ni za upande mmoja wa umeme.

Dawa yake ni kukitenga kitanzi. Mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea, toa vibati vya chuma kwenye reli zote mbili na uweke viungo vya plastiki, jumla vinne. Sehemu iliyotengwa iwe ndefu kuliko treni nzima, hasa ikiwa mabehewa yako yana magurudumu ya chuma au taa, vinginevyo treni itaziba mipaka yote miwili kwa wakati mmoja na shoti itarudi. Ipelekee sehemu hiyo umeme kupitia swichi ya miguu sita: umeme uingie kwenye miguu miwili ya katikati, miguu ya pembe iungwe kwa nyaya zinazopishana msalaba, na nyaya za kwenda kwenye reli zitoke kwenye jozi moja ya pembeni. Treni ikiwa ndani ya kitanzi, isimamishe, geuza swichi ya kitanzi, geuza pia mwelekeo wa njia kuu ili ulingane na treni inakokwenda, kisha iondoe.

Ikiwa nafasi yako ni sebule ya fleti, ningekushauri usiweke kitanzi kabisa. Kinakula sehemu kubwa ya ubao kwa faida ndogo. Duara lenye njia ya mchepuko ya kuegeshea mabehewa litakupa mchezo wa kufikiri zaidi kwa nafasi hiyo hiyo.

Swali: Nasimamia kikundi cha wanafunzi wanaopenda ufundi katika skuli yetu. Tuna vichwa viwili, na tunapoviweka kwenye duara moja vinakwenda pamoja na kusimama pamoja. Tumesikia kuhusu mfumo wa dijitali. Je, tuchangishe fedha tuununue? — *Maalim H., Mkoani*

Jibu: Maalim, ningewashauri msichangishe bado. Katika mfumo mlionao, kidhibiti kinaipa umeme reli yote, na chochote kilicho juu yake kinaondoka. Katika mfumo wa dijitali, reli huwa na umeme kamili wakati wote, kiasi cha volti 14 hadi 16 kwa vipimo vyenu, na ndani ya umeme huo hutumwa amri zenye namba. Kila kichwa kina dikoda, yaani saketi ndogo inayosikiliza namba yake tu. Dikoda mpya hutoka kiwandani ikiwa na namba 3, nanyi huibadilisha ili kila kichwa kiwe na yake. Viwango vya mfumo huo viliwekwa na NMRA katika miaka ya 1990 kwa kufuata kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na kwa sababu hiyo dikoda ya mtengenezaji mmoja huweza kuamriwa na kituo cha mtengenezaji mwingine.

Ni mfumo mzuri, nami naupenda, ila unadai reli safi kuliko mfumo wa kawaida. Mota ya kawaida ikikosa umeme kwa nukta moja huvuka kwa kasi iliyokuwa nayo. Dikoda ikikosa umeme kwa nukta hiyo hiyo huweza kuzimika na kuanza upya, na treni ikasita. Skuli yenye reli za kutu itaununua mfumo wa dijitali na kupata treni inayosita kwa bei kubwa zaidi. Vile vile chunguzeni vichwa vyenu: kilichoandaliwa kwa dijitali huwa na soketi ndani, mara nyingi yenye miguu 8, na dikoda huchomekwa pale bila ya kulehemu. Kichwa cha zamani ambacho mota yake imeshikana na fremu ya chuma kinahitaji kutengwa kwanza na fundi anayejua, la sivyo dikoda huungua mara moja. Na kichwa kisicho na dikoda kisiachwe juu ya reli ya dijitali, kwa sababu mota yake huguna, hupata joto na huharibika. Kidhibiti cha zamani nacho kisiungwe kamwe kwenye reli hizo pamoja na kile cha dijitali.

Kwa sasa ligaweni duara katika vipande vitatu au vinne kwa viungo vya plastiki kwenye reli moja, na kila kipande kipate swichi yake ya kawaida ya kuwasha na kuzima. Kichwa kimoja kitaegeshwa kwenye kipande kilichozimwa huku kingine kikizunguka. Gharama yake ni swichi chache na waya. Nitaongeza, Maalim, kwamba kwa wanafunzi kazi hii ni bora kuliko kununua boksi lililokamilika, maana watalazimika kuchora saketi, kuilehemu na kuitafutia makosa kwa mikono yao wenyewe.

Swali: Nimezaliwa Bububu, na nimekuwa nikisikia kwa wazee habari za gari moshi lililokuwa likija kwetu kutoka mjini. Ninayo seti ya reli za milimita 16.5 na nataka kuigeuza iwe reli ya Bububu. Inawezekana? — *Msomaji, Bububu*

Jibu: Inawezekana, na natamani wengi wangekuwa na nia hiyo. Reli ile ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, ikaanza kazi mwaka 1905, ikiwa na urefu wa maili 7 hivi kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, na ilipita katika mitaa myembamba ya mji kabla ya kutoka shamba. Kabla yake, Sultan Barghash alikuwa na reli yake fupi ya kwenda Chukwani, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1870 kwa mabehewa ya kukokotwa na nyumbu.

Upana wa reli ya Bububu ulikuwa futi 3, yaani milimita 914, na hapo ndipo pa kuamua. Reli yako ya milimita 16.5 katika kipimo cha 1:87 inawakilisha upana wa milimita 1,435, ambao ni wa reli mpya ya Tanzania Bara. Ukitaka reli hiyo hiyo iwakilishe futi 3, kila kilicho juu yake na pembeni yake kijengwe kwa kipimo cha karibu 1:55. Kichwa kidogo cha seti kitabaki na magurudumu na mota yake, nawe utakijengea bodi mpya iliyo kubwa zaidi kwa kadibodi ngumu au plastiki. Mlango wa mita 3 utakuwa na sentimita 5.5, na mnazi wa mita 20 utakuwa na sentimita 36, jambo litakaloipa treni udogo wake wa kweli chini ya minazi. Anayeanza bila ya seti yoyote angefanya vyema zaidi kununua reli za milimita 9 na kujenga kwa 1:100, kwa kuwa milimita 9 hapo huwakilisha milimita 900, karibu sawasawa na futi 3, na hesabu yote huwa nyepesi: kila mita 1 ni sentimita 1.

Usijaribu kuijenga njia nzima. Maili 7 kwa kipimo cha 1:55 ni zaidi ya mita 200. Chagua mahali pamoja, ukijenge kwa uaminifu juu ya karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Mimi ningechagua Maruhubi, penye nguzo za jumba la Barghash lililoungua mwaka 1899, au njia inapokaribia Beit el Ras, kwa sababu mawe ya kasri lililokuwa pale yalichukuliwa kujengea reli hii, na mtazamaji ataona vyote viwili kwa pamoja. Paka plaiwudi vanishi pande zote, na kingo zake usizisahau. Kuta za mawe na chokaa zinatengenezeka vizuri kwa kadibodi iliyopakwa plasta nyembamba, na makuti kwa nyuzi za makumbi zilizokatwa fupi.

Kwa kokoto za chini ya reli, mchanga wa pwani usiutumie hata ukiuona mzuri na mweupe. Una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu utarudisha kutu na mkondo mbovu ulivyokwisha kuviondoa. Ponda tofali, uchekeche vumbi litoke, uoshe kwa maji baridi, uanike, kisha upitishe sumaku ndani yake ili kuondoa chembe za chuma zisije zikaingia kwenye mota. Ukishazipanga kokoto kwa brashi, zidondoshee gundi ya mbao iliyotiwa maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, uziache usiku kucha. Kazi hiyo uifanye baada ya kupima kila kiungo cha reli kwa ile globu ya pikipiki na kuhakikisha treni inazunguka bila kusita pande zote mbili, kwa kuwa gundi ikishakauka, kiungo kibovu hakitolewi tena bila ya kubomoa.